Kupima na kuchagua shokapu mpya za gari la rimoti: mwongozo kamili kwa sisi wa Mwanza

Shokapu ndo kitu kinachokufa mapema kwenye magari ya rimoti huku kwetu, na sababu tunaikanyaga kila siku. Mchanga wa Mwanza umetokana na haya haya mawe makubwa yaliyomomonyoka, ukiuchukua mkononi ukauangalia juani unaona zile chembe zinazong'aa, ni ngumu na zina makali. Gari likipita kwenye changarawe za Buhongwa au ukilipandisha mawe pale Capri Point, chembe zinaganda kwenye shafti ya shokapu (ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka) maana shafti ina ubichi wa oili, shafti ikizama ndani zinaenda nayo hadi kwenye oringi (ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke), zinaichana oringi na zinaikwaruza shafti, oili inaanza kuvuja, na baada ya hapo unabaki na springi tupu, gari linadundadunda halitulii.

Sasa shokapu mpya dukani hapa mjini ni za kubahatisha, wengi tunaagiza nje, mzigo unapita Dar alafu unakuja kwa basi hadi stendi ya Nyegezi, ni wiki kadhaa. Ukikosea kipimo hamna kurudisha. Ndo maana naandika hii kwa urefu, na jambo kubwa nalotaka ulishike ni hili: usinunue shokapu kwa kuangalia saizi ya gari. Mtu anaandika "naomba shokapu za 1/10" na muuzaji anampa za 1/10 kweli, zikifika hazikai. 1/10 inakwambia gari ni dogo mara ngapi kuliko gari halisi, basi, haisemi kitu kuhusu shokapu. Gari la lami la 1/10 linaweza kuwa na shokapu za milimita 60 hivi, na la kupanda mawe la 1/10 hiyo hiyo lina za 90 au 100 na zaidi. Unanunua kwa milimita, na hizo milimita zinatoka kwenye gari lako wewe mwenyewe.

Vitu vya kuwa navyo

Kalipa ya dijitali, kile kifaa cha kubana kitu na kusoma milimita zake, ni nzuri sana, hata ile ya plastiki inatosha, hatupimi injini ya ndege hapa. Kama huna, rula ya mkebe wa hisabati inafanya kazi ukiwa mtulivu na mwanga wa kutosha. Funguo za alenki zinazoendana na skrubu zako, kitambaa, mswaki wa zamani, karatasi na kalamu. Osha gari kwanza, usipime gari lenye matope maana mchanga ukikaa kwenye maungio ya mikono ya gari (ile inayoshika magurudumu na kupanda na kushuka nayo), mkono haufiki mwisho na kipimo chako kinakuwa cha uongo.

Kwanza jua una shokapu ya aina gani

Fungua moja, toa springi, alafu ingiza na kutoa shafti kwa mkono. Ikiteleza bila upinzani wowote kuna mawili, ama ni shokapu za springi tupu ambazo hazikuwahi kuwa na oili (magari mengi ya bei rahisi yanakuja nazo), ama oili imeisha. Angalia kichwa cha juu, kama kina kofia ya kufungua kwa kuzungusha na chini kuna kifuniko kinachoshika oringi, hiyo ni ya oili. Kama oili imeisha tu na shafti imenyooka haina mikwaruzo, usinunue mpya kwanza, nunua oringi na oili uijenge upya, utaokoa hela. Kujua kama shafti imenyooka ichomoe uiviringishe juu ya kioo, iliyopinda inaonekana papo hapo inavyopandisha na kushuka.

Kupima shokapu ya zamani

Urefu wa shokapu ni kutoka katikati ya tundu la juu mpaka katikati ya tundu la chini. Sio kutoka ncha mpaka ncha. Hapa ndo wengi wanapopoteza milimita 6 au 8 bila kujua, na kwa gari dogo hiyo ni nyingi mno.

Katikati ya tundu huwezi kuipata kwa macho, kwahiyo fanya hivi: pima umbali kati ya kingo za ndani za matundu mawili, yani zile zinazotazamana, alafu pima kingo za nje za matundu hayo hayo, jumlisha, gawa kwa 2. Mfano ndani imekuja 82, nje 88, jumla 170, nusu yake 85, basi shokapu yako ni ya 85. Njia hii inakupa jibu sahihi hata kama tundu la juu ni kubwa kuliko la chini.

Pima hivyo mara mbili kwa kila shokapu, ya kwanza ikiwa imeachia yote mpaka mwisho na ya pili ikiwa imebonyea mpaka mwisho, springi ikiwa nje ili isikusumbue. Ukitoa ndogo kwenye kubwa unapata mwendo wa shafti. Andika namba zote tatu na ya mbele andika peke yake na ya nyuma peke yake, kwenye magari mengi hazifanani, nyuma mara nyingi ni ndefu.

Kupima gari lenyewe, hapa usikimbie

Shokapu ya zamani inaweza kukudanganya. Labda mwenye gari kabla yako alifunga ambazo sio zake, labda imepinda, labda imepotea kabisa. Gari halidanganyi, ndo maana hata kama una shokapu ya zamani mkononi bado nakusihi upime na gari.

Fungua shokapu zote za upande wa mbele. Weka gari juu ya kitu ili magurudumu yaning'inie hewani, boksi la viatu linatosha. Kwenye ule mnara ambao shokapu zinafungwa juu kuna matundu kadhaa, chagua moja utakalotumia, la katikati kama lipo ni pa kuanzia, na kwenye mkono wa chini fanya hivyo hivyo. Tia skrubu kwenye hayo matundu mawili, hata bila kuzikaza, zinakusaidia kupima.

Sasa nyanyua gurudumu taratibu mpaka mkono ugome. Ukigoma angalia ni nini kimegusa, maana inatakiwa iwe ni mkono wenyewe umefika mwisho au tumbo la chasisi limelingana na chini ya tairi, sio tairi limegusa bodi. Pima kutoka ukingo wa nje wa skrubu ya juu mpaka ukingo wa nje wa skrubu ya chini, toa unene wa skrubu moja (kama zote ni za milimita 3, toa 3). Hicho ndo kipimo kifupi kabisa. Achia gurudumu lishuke mpaka mwisho, pima tena, hicho ndo kirefu kabisa. Ukiwa hapo chini kabisa zungusha gurudumu kwa mkono, usikilize na uhisi. Kama draivushafti (ule mhimili unaopeleka nguvu ya mota kwenye gurudumu) inakwaruza au inataka kuchomoka kwenye kikombe chake basi umeshuka kupita kiasi, nyanyua kidogo mpaka izunguke laini na upime hapo, maana shokapu ndo kitu kitakachozuia gurudumu lisishuke hadi draivushafti ichomoke. Shokapu ndefu kupita kiasi inavunja draivushafti, watu wanadhani ni mota ina nguvu sana kumbe ni urefu.

Tuchukue namba. Gari limenipa 68 gurudumu likiwa juu kabisa na 92 likiwa chini. Kwahiyo natafuta shokapu ambayo ikiachia haizidi 92, na ikibonyea inafika 68 au chini ya hapo. Muuzaji wa kwanza ana ya 90 yenye mwendo wa 20. Inapendeza, urefu uko ndani. Lakini 90 toa 20 ni 70, na gari linataka kwenda mpaka 68. Maana yake gari likiruka likatua vibaya shokapu inafika mwisho wake kabla mkono haujafika mwisho wake, kishindo chote kinaingia kwenye shafti na kwenye mnara, shafti inapinda au mnara unakatika. Muuzaji wa pili ana ya 90 yenye mwendo wa 27, ikibonyea inakuwa 63, hii ndo yetu. Unaona zote mbili zimeandikwa "90"? Ndo maana kipimo cha kubonyea ndo muhimu kuliko vyote na ndo ambacho hakuna anayekiuliza.

Ikitokea umepata ndefu kidogo, mfano 94 badala ya 92, haijaharibika. Fungua, tia kipande cha plastiki cha mviringo chenye unene wa milimita 2 kwenye shafti ndani ya mwili, chini ya pistoni (kile kisahani chenye matundu kwenye ncha ya shafti), shokapu itaishia 92. Wengine wanakata kipande cha mrija wa nailoni unaobana shafti vizuri, kinafaa. Ila kumbuka na mwendo umepungua 2. Kwa fupi kupita kiasi hamna dawa ya maana zaidi ya kuhama matundu.

Na ukihama tundu, pima upya. Shokapu iliyosimama wima na iliyolala hazitaki urefu sawa, alafu iliyolala inalainisha saspensheni mwanzoni mwa mwendo. Rudia zoezi lote kwa nyuma.

Matundu, boli na nafasi

Tundu la skrubu lazima lilingane. Magari ya 1/10 mengi yanatumia skrubu za milimita 3, madogo ya 1/14 au 1/18 mara nyingi 2 au 2.5, ya 1/8 unakuta mpaka 4. Shokapu yenye tundu la 3 kwenye skrubu ya 2.5 itacheza, na inayocheza inakula tundu la mnara mpaka linakuwa yai.

Pima na upana wa jicho la chini la shokapu, yani ile boli (kigololi chenye tundu la skrubu) pamoja na plastiki yake, ulinganishe na uwazi uliopo kwenye mkono wa gari. Jicho la milimita 8 haliingii kwenye uwazi wa 6, na ukilikata kwa kisu ujue umepunguza nguvu ya sehemu inayobeba mzigo.

Alafu unene. Shokapu nene zinapendeza machoni, zinabeba oili nyingi, hazichemki haraka, lakini pima nafasi kati ya mnara na draivushafti, na kati ya springi na tairi. Geuza magurudumu ya mbele mpaka mwisho kushoto, nyanyua mkono, angalia nafasi iliyobaki, fanya kulia. Kama nafasi ni milimita 18, shokapu ambayo springi yake ina upana wa 19 hata uiombee haitoshei.

Springi

Kuna imani kwamba ukizungusha ile pete ya kubana springi chini basi springi inakuwa ngumu. Hapana. Unanyanyua gari tu, springi ni ile ile. Ugumu unatokana na unene wa waya, idadi ya mizunguko na upana wa springi. Waya ndo unaotawala: ugumu unapanda kwa unene wa waya kuzidishwa wenyewe kwa wenyewe mara 4, kwahiyo waya wa 1.4 badala ya 1.2, vingine vyote vikiwa sawa, unakupa springi ngumu mara 1.85, karibu maradufu. Muuzaji akisema "ni ngumu kidogo tu" we pima waya.

Kulinganisha springi ya zamani na mpya tumia mzani wa jikoni. Isimamishe juu ya mzani, ibonyeze milimita 10 kwa kupima na rula pembeni, soma gramu, gawa kwa 10. Ikisoma 400 basi ina gramu 40 kwa kila milimita. Sasa una namba ya kuongea nayo.

Kama gari lako limeongezewa uzito, betri kubwa, bampa la chuma, utataka ngumu zaidi nyuma. Kwa gari la kupanda mawe laini ndo nzuri, gurudumu lishuke lifuate jiwe. Kipimo changu kwa ardhi yetu hii mbovu: gari likiwa na betri ndani likae limetumia kama theluthi ya mwendo wa shokapu. Kama linakaa juu kabisa halijabonyea, springi ni ngumu mno kwa uzito huo na kila kijishimo kitalirusha.

Oili

Nunua oili ya silikoni ya shokapu za rimoti. Najua oili ya cherehani inapatikana kila kona na ya bodaboda ndo usiseme, ila oringi za shokapu hizi nyingi ni za silikoni na oili ya petroli inazivimbisha, zikivimba shafti inakwama, baadae zinakatika. Ya kula nayo inaganda na kunata. Chupa moja ndogo ya silikoni inajaza shokapu nyingi, hapa usibane hela.

Kwenye chupa kuna namba mbili zinazochanganya watu. Moja ina herufi wt, nyingine cSt. Namba za wt kila kampuni ina zake, mfano 30wt ya Team Associated ni 350 cSt na 40wt yao ni 500 cSt, kampuni nyingine hazilingani na hizo. cSt ni kipimo cha kweli cha uzito wa oili, yani inavyotiririka kwa shida au kwa urahisi, sio uzito wa mzani, agiza kwa hicho. Kwa gari la mawe la 1/10 anzia 250 au 300, la kukimbia na kuruka la 1/10 anzia 350 hadi 450, la 1/8 anzia 500 hivi. Jua la mchana la huku linailainisha oili, kwahiyo ukijaribu jioni ufukweni Luchelele ukaona iko sawasawa kabisa, saa nane mchana itakuwa nyepesi kidogo. Na kitu kimoja kwa wakati mmoja wakuu, ukibadilisha oili usibadilishe pistoni siku hiyo hiyo, maana matundu ya pistoni nayo yanaamua oili inapita kwa kasi gani na hutajua kipi kimefanya nini.

Kumsoma muuzaji

Ukiongea na muuzaji mpe namba nne: urefu ikiwa imeachia, urefu ikiwa imebonyea, tundu la skrubu, upana wa springi. Muulize urefu wake amepima katikati ya tundu au ncha kwa ncha, na umwombe picha ya shokapu ikiwa kwenye kalipa. Anayekataa picha ya kalipa muache, wapo wengine.

Mwili wa plastiki ni mwepesi na bei iko chini, ila kofia zake zinachomoka ukiruka sana. Mimi kwa matumizi ya huku nachukua alumini yenye nyuzi kama za skrubu mwili mzima, unarekebisha kimo kwa kuzungusha pete, na oringi zake zinabadilishika. Hakikisha unaweza kupata oringi za akiba, shokapu ya alumini yenye oringi isiyopatikana popote ni ya msimu mmoja. Nunua jozi kwa ekseli, usifunge moja mpya na moja ya zamani pande mbili za ekseli moja, gari litavuta upande.

Kuzijaza na kuzifunga

Usifunge moja kwa moja kutoka kwenye pakti. Za bei rahisi zinakuja na oili nusu, au kavu kabisa. Fungua kofia, mwaga iliyomo, vuta shafti ishuke mpaka mwisho, jaza oili karibu ifike mdomoni. Sukuma shafti juu na chini polepole, utaona mapovu yanapanda, hapo ndo kutoa upepo kwenyewe. Iache imesimama wima dakika kumi mapovu yaishe. Kama ina kile kipira cha juu kinachokaa chini ya kofia kiweke kwa kukilaza kutoka pembeni ili hewa isinaswe chini yake, funga kofia nusu, bonyeza shafti ndani oili ya ziada itoke, kaza kwa mkono. Koleo usilete.

Ipime kwa mkono: ingiza na utoe shafti, isikike kimya na laini mwendo mzima. Ikilia chwi chwi kuna hewa, rudia. Kisha shika ya kushoto na ya kulia pamoja uzibonyeze kwa mara moja, ziende sawa na zirudi sawa.

Funga kwenye gari bila springi kwanza. Nyanyua na shusha kila gurudumu mpaka mwisho ukizungusha tairi, hakuna kukwaruza, hakuna kugusa. Ukiridhika ndo utie springi, kaza skrubu za kuingia kwenye chuma kwa gundi ya nyuzi kidogo (ile ya kuzuia skrubu isilegee), zile za kuingia kwenye plastiki zisitiwe gundi maana inaila plastiki. Nyanyua gari kama sentimita 20 uliachie lidondoke sakafuni kwa magurudumu yote manne, linatakiwa litue, lizame, lirudi kwenye kimo chake na litulie hapo bila kudunda mara ya pili.

Baada ya betri ya kwanza kaza tena kofia na skrubu zote, na pitisha kidole chini ya kila shokapu. Ubichi kidogo wa siku ya kwanza ni kawaida, tone linaloning'inia sio kawaida. Na ukitoka kwenye mchanga wa ziwa futa shafti kwa kitambaa kabla hujaliweka gari kwenye begi, futa kuelekea nje, usisukumie mchanga kwenye oringi.